Kupita Songea Bila Kuingia kwa Kaka Antoni

Ukimwuliza Ephrasia Songea kuna nini, atakujibu bila kuwaza: kuna stendi, kuna soko, na kuna kwa kaka Antoni. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa akipanda huko kutoka Mbamba Bay na magunia yake ya usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoanikwa mchangani mpaka wang'ae kama sindano. Alishuka stendi, akakabidhi mzigo sokoni, akaingia kwa kaka yake, akala, akakimbilia gari la kurudi na mdomo bado una mafuta. Hiyo ndiyo Songea yake.

Aliyemtia aibu ni mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto alipelekwa na shule kutembelea makumbusho ya Majimaji kule Songea, siku moja tu, akarudi kajaa habari mpaka puani. Sanamu za machifu, makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani, ngao, mikuki, vibuyu vya dawa ya maji. Halafu akauliza, bila nia mbaya:

"Bibi, wewe sanamu gani uliipenda?"

Ephrasia akakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Mimi nilipenda zote," akasema.

Kesho yake asubuhi akaenda dukani kwa Mwanaisha.

Mwanaisha alikuwa na duka la vitenge karibu na bandari. Babu yake alitoka Kilwa na mizigo ya biashara, akafika ziwani, akaona maji yamemzuia, akakaa. Mwanaisha alizaliwa Mbamba Bay, akaolewa Mbamba Bay, akafiwa na mume Mbamba Bay, lakini ukimuudhi bado atakwambia kwao ni Kilwa. Yeye na Ephrasia walikuwa mashoga tangu wote wawili wana meno kamili.

"Mama Hamidu," Ephrasia akasema, "lini unapanda Songea kuchukua mzigo?"

"Jumanne ijayo. Kwani?"

"Twende wote. Nataka siku hiyo tutembee. Tuone mji. Tuone yale makumbusho."

Mwanaisha akaweka chini futi ya kupimia. "Tutembee? Wewe? Mama Jack, wewe ukifika Songea unakalishwa kwenye kochi, unafunikwa na sahani. Utatembea saa ngapi?"

"Ndiyo nimekuja tupange."

Wakapanga. Mwanaisha alikuwa na kikombe cha maharage kwenye meza, ya mboga ya mchana. Akamimina punje juu ya kaunta, akasema kila punje ni saa moja. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tunarudi saa moja usiku. Akatenga punje nne za kupanda, punje nne za kushuka. Zikabaki sita. Moja ya sokoni, kukabidhi usipa. Moja ya duka la jumla, kuchagua vitenge. Moja ya kula na ya sala ya adhuhuri. Moja ya gari kungoja kujaa, maana gari halina haraka na mtu.

"Mbili," akasema Mwanaisha, akizisogeza kwa kidole. "Saa mbili za kutembea. Zinatosha. Sasa niambie, kwa kaka yako punje ngapi?"

Ephrasia akaziangalia zile punje mbili kwa huruma.

"Salamu," akaanza. "Kaka hasalimii kwa haraka. Anauliza mmoja mmoja, na waliokufa anawataja. Halafu wifi Scholastica anakamata kuku. Sasa yule kuku wa mjini, Mama Hamidu, ni mjanja, anakimbia. Halafu ugali. Halafu habari ya goti la kaka. Halafu habari ya mpaka wa shamba la Ukata..."

"Ngapi?"

"Sita."

Mwanaisha akakusanya maharage yote kwa kiganja, akayarudisha kikombeni. "Basi usiingie."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na mtu asiyewajua watu wa Ukata, kijiji walikozaliwa Ephrasia na ndugu zake, anaweza kuiona ndogo.

Zamani, kule kwenye milima ya Umatengo, wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao. Kila mke alipika kwake akaleta chungu chake, wakala, na palepale penye chakula yakaamuliwa mambo: nani aoe, nani alime wapi, nani amekosa. Hiyo waliiita sengu. Siku hizi imefifia, kila mtu anakula kwake na televisheni yake. Lakini Antoni, ambaye aliendesha lori la kahawa mpaka goti likakataa, alipojenga Songea aliwakusanya ndugu akawaambia: nyumba yangu ndiyo sengu yenu ya mjini. Atakayepita Songea bila kunawa mikono kwangu, amejitoa mwenyewe kwenye ukoo.

Watu walidhani ni maneno ya sherehe. Kisha Gaudiosa, mdogo wake Ephrasia, akapita Songea kwenda Njombe, akawa na haraka, hakuingia. Antoni akasikia. Mwaka uleule Gaudiosa alikuwa anaoza mtoto wake. Watu wamekaa, mapadre wamekuja, kwaya imeimba nyimbo zake zote ikaanza kurudia, wanamngoja mjomba. Mjomba hakuja. Kiti chake kilikaa kitupu mbele ya watu, na mpaka leo Gaudiosa akisikia habari ya harusi anatoka nje kama anatafuta kuni.

Na mwezi wa tisa, mavuno ya kahawa yakishakwisha, Jacqueline, kitinda mimba wa Ephrasia, alikuwa anaolewa.

"Nikionekana, sina mjomba," akasema Ephrasia. "Jack atakaa mbele ya watu na kiti kitupu."

"Basi usionekane," akasema Mwanaisha. Akaingia nyuma, akatoka na buibui.

Ephrasia akatazama lile vazi, akatazama rozari yake shingoni. "Padri akiniona je?"

"Padri atakuwa kwenye gari la alfajiri? Vaa. Mungu anakujua hata ukiwa umejifunika."

Jumanne wakapanda. Gari lilikuwa Kosta yenye viti vilivyochoka, na barabara ya lami ikapinda na milima, kona baada ya kona, ziwa likibaki chini mpaka likawa kama kipande cha bati. Ephrasia alikaa dirishani, amejifunika mpaka kwenye nyusi. Magunia yake yalikuwa juu ya gari. Magotini alikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Hiyo nini?" akauliza Mwanaisha.

"Usipa."

"Usipa si uko juu?"

"Huu ni wa kaka."

Mwanaisha akamgeukia taratibu. "Mama Jack. Tunamkimbia kaka yako. Umevaa buibui langu kwa ajili ya kumkimbia kaka yako. Halafu umembebea usipa?"

Ephrasia akaiangalia ndoo kama mtu mwingine ndiye aliyeiweka pale. Kweli, hakuwa ameiwaza. Usiku alijaza ndoo kama anavyoijaza kila safari, akachagua wale wakavu, wasio na mchanga, kwa sababu kaka hapendi mchanga. Mtu wa ziwani hapandi mlimani mikono mitupu. Mkono ulijaza wenyewe.

"Nitampa mtu," akasema.

Mbinga kulikuwa na baridi na ukungu. Abiria wakashuka, wengine wakapanda, na kiti cha mbele yao kikakaliwa na mwanamume mwenye kofia ya sufu na mfuko wa miche ya kahawa. Akageuka kuomba asogezewe mguu. Akaganda.

"Shangazi?"

Ephrasia akaangalia nje.

"Shangazi Ephrasia! Shikamoo! Umesilimu?"

Alikuwa Victor, mtoto wa binamu yake wa Ukata, mtu mwema mwenye mdomo usio na mlango.

"Marahaba, Victor," Ephrasia akasema, maana salamu ya mtoto huwezi kuiacha ikaanguka chini. "Sijasilimu. Ni baridi."

"Ana kifua," akasema Mwanaisha. "Nimemwazima. Wewe umemjuaje, naye kajifunika hivi?"

Victor akacheka. "Mama, mtu wa Ukata hafichiki. Angalia alivyokaa, kaegemea mbele kama gari linapanda, nalo limesimama stendi! Sisi tumelelewa kwenye mteremko, hata kanisani tunakaa hivyo. Na hiyo ndoo. Hiyo si ya baba mkubwa Antoni?"

"Ni yako," Ephrasia akasema, akamsukumia.

"Yangu?"

"Yako wewe na mama yako. Chukua."

Victor akaipokea kwa mikono miwili, akafungua mfuniko, akanusa, akafunga, furaha imemjaa usoni. Wakadhani imekwisha. Gari likaondoka. Baada ya kilomita chache akageuka tena.

"Shangazi, ngoja nimpigie baba mkubwa aje akupokee stendi."

"Usimpigie!"

"Kwa nini?"

Mwanaisha akawahi: "Anataka kumshtukiza."

"Aah. Mzee wa goti bovu unamshtukiza, si ataanguka? Ngoja tu nimpigie." Na tayari simu ilikuwa sikioni. Ephrasia akaishika rozari ndani ya buibui. Alihesabu kona mbili za barabara. Victor akashusha simu.

"Haipatikani," akasema. "Ajabu. Baba mkubwa hazimi simu."

Ephrasia akaiachia rozari. Lakini nafuu hiyo haikufika mbali. Victor alishuka Kigonsera, ndoo mkononi na miche begani, akasimama chini ya dirisha lao akapiga kelele gari likiondoka: "Nitamjaribu tena, shangazi! Usijali! Nitampata tu!"

"Huyo," akasema Mwanaisha, "ungemnyima usipa."

Songea waliingia saa tatu na kidogo, kama walivyopanga. Ephrasia akashuka akitazama pande zote. Kila mzee aliyechechemea alikuwa Antoni. Mmoja alimfanya ajifiche nyuma ya mwanamke muuza ndizi, kumbe ni fundi baiskeli. Sokoni akakabidhi magunia bila kubishana bei, mpaka mnunuzi akamwuliza kama anaumwa. Duka la jumla Mwanaisha alichagua vitenge haraka, yeye ambaye kwa kawaida hushika kitambaa, akakivuta, akakinusa, akakitukana, ndipo akakinunua. Kwa hiyo walipopanda bajaji kwenda makumbusho walikuwa na muda zaidi kuliko ule wa kwenye kaunta, na Ephrasia hakuwa na furaha hata kidogo.

"Atakuwa yuko stendi sasa hivi," akasema. "Victor kashampata. Kaka kaja na fimbo yake, anauliza kila gari."

"Basi yuko stendi. Sisi tuko huku. Shuka."

Pakawa pazuri kuliko alivyodhani. Kulikuwa na kimya, ua limefagiwa, na sanamu za machifu wa Wangoni zimepangwa kwa mstari zikitazama mbele, kila mmoja na uso wake. Aliyewapokea ni mama mmoja mnene aliyevaa sare ya kaunda suti, jina lake Recho, Mngoni, mwongoza wageni. Akawauliza wametoka wapi.

"Mbamba Bay," akasema Mwanaisha.

"Lakini mimi kwa kuzaliwa ni Mmatengo," akasema Ephrasia, hakuweza kujizuia. "Wa Ukata."

Recho akaweka mikono kiunoni. "Mmatengo! Mtani! Umekuja kudai nini? Mlikimbia wenyewe, hakuna aliyewasukuma!"

"Tulikimbia?" Ephrasia akasahau buibui, akasahau Antoni. "Babu zenu walikuja na mikuki kula chakula chetu! Tungekaa tuwapikie?"

"Tuliwasaidia. Tusingewafukuza mkapanda mlimani, mngejuaje kulima kwa yale mashimo yenu ya kuzuia udongo mteremkoni? Dunia nzima inakuja kuwapiga picha kwa sababu yetu. Hamjatushukuru."

"Asante basi, mtani. Na kuku wetu mtarudisha lini?"

Wakacheka wote watatu mpaka Mwanaisha akajifuta macho. Kisha Recho akabadilika sauti, akawapeleka kwenye kaburi kubwa la pamoja, akawaeleza waliolazwa pale, walivyofungwa, walivyonyongwa, walivyofukiwa. Ephrasia akasimama. Hakuna aliyetania tena. Aliwaza kwamba watu hawa, ambao bibi yake alitishia kumwita mmoja wao kila alipokataa kulala, nao walikuwa na mama. Akafanya ishara ya msalaba, na pembeni yake Mwanaisha akafungua viganja akaomba kimyakimya. Upepo ulikuwa mdogo, wa kutosha tu kutikisa majani. Alipumua mpaka chini kabisa, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Ndipo akaiona kofia.

Upande wa nyuma ya makaburi, penye kivuli, palikuwa na benchi la saruji. Mzee alikuwa amekaa, amewapa mgongo, viatu amevivua, mguu mmoja kaunyoosha juu ya benchi. Kando yake chupa ya chai na redio ndogo. Kofia ilikuwa ya kijani, ya chama cha wakulima wa kahawa, na nyuma ina doa la oili ambalo Scholastica alishindwa kulitoa miaka kumi.

Ephrasia alifika nyuma ya sanamu ya karibu kabla hajajua miguu yake inakwenda.

"Unafanya nini?" akanong'ona Mwanaisha.

"Kaka."

"Wapi?"

"Pale. Kaniwahi. Victor kamwambia. Kaja kunisubiri hukuhuku!"

"Mama," akasema Recho kwa sauti ya kazi, "sanamu hatuzikumbatii."

Kwa sauti ile mzee akageuka. Akawaona wanawake wawili wa buibui, akatulia. Kisha mmoja wao, yule aliyejibanza nyuma ya chifu, akasema, "Yesu na Maria," kwa lafudhi ya Ukata iliyonyooka kama njia ya kisimani. Mzee akashtuka kama kachomwa. Akazima redio. Akachukua kiatu kimoja, akainuka, akachechemea upesi kwenda nyuma ya mti, na kiatu cha pili kikabaki peke yake mbele ya benchi.

Dada kajificha nyuma ya sanamu, kaka kajificha nyuma ya mti, na mti ulikuwa mwembamba.

Recho akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mzee Antoni, una nini leo? Hawa ni wageni tu, wa Mbamba Bay."

Kofia ya kijani ikatokeza upande mmoja wa mti.

Ephrasia akaona hakuna namna. Akafunua uso, akatoka, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa, mikono imeshikana. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalikuwa mengi: gari liliharibika, mzigo ulichelewa, nilikuwa naja kwako sasa hivi. "Shikamoo kaka," akasema, na kabla hajafika kwenye uongo wa kwanza, Antoni akauliza, sauti chini:

"Nani amekwambia niko hapa?"

Ephrasia akainua macho, magoti bado yamekunjwa.

"Scholastica?" akauliza Antoni. "Hapana, Scholastica hajui. Umekuja na nani? Wengine wako wapi? Wako wangapi?"

"Wengine nani, kaka?"

"Ndugu!" Akachungulia getini. "Umekuja nao?"

"Niko na Mama Hamidu tu. Tumekuja... tumekuja kuona makumbusho."

Antoni akamtazama, kiatu mkononi. Bega moja likashuka, la pili likafuata, akarudi kwenye benchi, akakaa kwa kishindo.

"Makumbusho," akasema. "Kuona makumbusho tu. Ephra, umenitoa roho."

Recho ndiye aliyemwaga mambo, maana watani hawana siri. "Mzee huyu mteja wangu. Wiki haikatiki hajaja. Anakaa hapo na chai yake, simu anazima, jua likigeuka anaondoka. Nikimwuliza, anasema nyumbani kuna kelele."

"Kelele!" akasema Antoni. "Ephra, mdogo wangu, nyumbani wako saba. Saba! Wawili wa Kigonsera wamekuja hospitali, mmoja ndiye mgonjwa, mwingine anasindikiza, na anayesindikiza ndiye anayekula. Wengine wa Ukata wana kesi ya ng'ombe. Mmoja hata simjui, anasema mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Kochi langu sijalikalia tangu Pasaka."

"Lakini kaka, si wewe uliyesema nyumba yako ni sengu?"

"Nilisema. Nilikuwa na pombe kichwani, na nyumba mpya. Mtu akijenga anasema mengi." Akasugua goti. "Sasa niyarudishe vipi? Niwaambie nimechoka? Nimfukuze nani, nimwache nani? Nikaanza kutafuta mahali. Kanisani wananikuta. Sokoni wananikuta. Siku moja nikapita hapa. Nikakaa saa tatu nzima, hakuna aliyeniita baba mkubwa. Nikajua nimefika. Ndugu zetu hawaji hapa, Ephra. Wanapita getini kila siku na mafurushi yao, hakuna hata mmoja anayegeuza shingo."

Mwanaisha, ambaye alikuwa amejikaza kwa heshima, akashindwa. Alicheka akashika mti. Na kicheko chake kikamvuta Ephrasia, na Ephrasia akamvuta Antoni, wakacheka kama watoto waliokutana gizani kila mmoja akidhani mwenzake ni fisi.

"Mimi nilivaa hili kukukimbia wewe," Ephrasia akasema alipopata pumzi, akavuta ncha ya buibui.

"Nimeona. Unafanana na gunia la mkaa."

"Na Gaudiosa, kaka?"

Kicheko kikapungua. Antoni akavaa kiatu chake polepole.

"Gaudiosa," akasema. "Nilikasirika kweli. Halafu nikaanza kuja hapa, nikiwa nimekaa nikawaza: yule alipita tu. Alikuwa na safari yake. Nitampigia. Nikiwasha simu, nitampigia yeye kwanza."

"Na ya Jack?" Ephrasia alikuwa ameibeba moyoni tangu alipoona kofia, sasa ikatoka bila kupangwa. "Mwezi wa tisa. Utakuja?"

"Nitakosaje harusi ya Jack? Mimi mjomba wake. Nitakuja, nitakaa pale mtakaponiweka, nitasema yanayotakiwa kusemwa." Akanyanyua kidole. "Lakini nina neno."

"Sema kaka."

"Kwako Mbamba Bay nimefika mara ngapi?"

"Mara nyingi. Kila sherehe. Na alipougua mume wangu, na alipofariki."

"Ziwa nimeliona mara ngapi?"

"Si liko palepale mbele ya nyumba?"

"Nimeliona dirishani," akasema Antoni. "Kupitia juu ya bega la Scholastica, mkononi nina samaki wenu wa mbelele. Nikisimama kidogo niende nikaguse maji, nasikia: kaka kaa, samaki bado kidogo. Nikimaliza samaki, nasikia: kaka kaa, mihogo inaiva. Kisha gari linapiga honi. Ephra, nina miaka sabini na tatu, dada yangu anakaa ufukweni, na mimi sijawahi kutia mguu kwenye Ziwa Nyasa."

Ephrasia akataka kubisha. Akatafuta siku moja, moja tu, ambayo kaka yake alitembea mchangani. Akamwona kwenye kiti, sahani mapajani. Akamwona kwenye kiti kingine, sahani nyingine. Na yeye mwenyewe akimsimamia na bakuli, akimpakulia tena, na macho ya kaka yakitoka nje ya dirisha, naye akidhani anatazama kama gari limekuja.

"Kumbe," akasema.

"Nikija harusini, nije siku moja kabla. Mnipangie muda. Usinipikie. Nataka kwenda pale kwenye yale mawe makubwa, nikae, nitie goti langu majini. Peke yangu. Nikitaka mtu nitamwita."

"Nitakupangia, kaka. Kwa jina la marehemu baba, nitakupangia."

Basi Antoni akainuka, na ndiye aliyewatembeza sehemu iliyobaki. Alijua kila sanamu, maana alikuwa amesikia maelezo ya Recho kutoka kwenye benchi mpaka akayakariri, na Recho alimwacha aseme, akimrekebisha tu pale alipowaongezea Wamatengo ushujaa ambao hawakuwa nao. Ndani ya ukumbi Ephrasia alisimama mbele ya ngao ya ngozi mpaka akachoka kusimama, hakuna aliyemwambia kaa. Mwanaisha alisali kwenye msikiti wa jirani, akarudi. Walikula chapati na chai ya kwenye chupa ya Antoni, kwenye kivuli, na hiyo ndiyo ilikuwa karamu yote.

Walipoagana getini Antoni akamshika dada yake mkono kwa mikono miwili.

"Ukija tena, pita hapa," akasema. "Nyumbani ukipita, sawa. Lakini hapa ndipo utanikuta. Na Scholastica usimwambie, atakuja na sufuria."

Gari liliondoka saa tisa, limejaa. Mahali fulani baada ya Kigonsera simu ya Ephrasia ikalia, alikuwa Gaudiosa, analia na kucheka kwa pamoja, anasema kaka kapiga, kaka kapiga mwenyewe. Ephrasia akamsikiliza mpaka salio la mdogo wake likakatika. Kisha akaegemea kiti na kufumba macho. Jack ana mjomba. Gaudiosa ana kaka. Na yeye akiulizwa Songea kuna nini, ana la kusema mpaka chungu kiungue.

Mbinga ilipita na ukungu wake, na gari likaanza kuteremka. Jua lilikuwa linazama kule ng'ambo, upande wa Malawi, na chini yao maji yalianza kuonekana.

"Tumpe asubuhi," akasema Ephrasia, macho bado yamefumbwa.

"Nani?"

"Kaka. Muda wake wa ziwa. Asubuhi maji yametulia, na jua si kali. Watu wa harusi tutawaambia mzee kapumzika. Kuanzia alfajiri mpaka saa nne, asiguswe na mtu."

"Vizuri. Na hutampikia."

"Sitampikia."

Wakapita kona mbili.

"Labda chai," akasema Ephrasia.

"Mama Jack."

"Chai tu. Kavu. Mtu na goti lake kwenye maji ya asubuhi, hana hata kitu cha moto tumboni?"

"Chai kavu. Sawa."

Kona nyingine.

"Na kitumbua kimoja."

"Mama Jack!"

"Hatakiona. Nitamtilia mfukoni amelala."